Visanamu vya zamani vyenye unga mweupe: kuosha, kugeuza na kupaka rangi upya

SWALI

Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Jinja, Uganda. Kwa muuza mivumba, yaani mitumba, nilipata mfuko wa visanamu vya zamani: wapiganaji wa hadithi za kale, majoka, na askari wa anga za juu. Vingine ni vya chuma kizito, vingine vya plastiki, na vyote vimepakwa rangi nzito kama ya mlango. Kimoja cha plastiki nilikisugua kwa dawa ya kuondoa rangi ya kucha, kikalainika na kuanza kunata. Viwili vya chuma vinatoa unga mweupe miguuni, na nikiufuta unarudi. Askari mmoja wa chuma amevunjika bunduki. Ningependa nimpe mkuki na ngao. Praima ya kopo niliyopuliza wiki ya mvua imekauka na chengachenga. Nianzie wapi, na je, wanafunzi wangu wa klabu ya sanaa wanaweza kunisaidia?

JIBU

Mwalimu, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Wanafunzi wasiviguse hivyo viwili vyenye unga, na vingine vyote vya chuma vikae mbali nao mpaka ujue vimemiminwa kwa madini gani. Unga huo karibu kwa hakika ni kaboneti ya risasi, yaani kutu nyeupe ya madini ya risasi. Visanamu vingi vya miaka ya 1970 na 1980 vilitengenezwa kwa mchanganyiko wa risasi na bati, na risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kisanamu kizima kilichofunikwa na rangi, ukikishika kisha ukanawa mikono, hakina shida kubwa. Kinachotisha ni vumbi: la huo unga, la tupa, na la msasa mkavu.

Kwa nini unarudi? Mbao na maboksi ya karatasi hutoa mvuke kidogo wa asidi ile iliyo kwenye siki. Mvuke huo ukikutana na unyevu hula risasi. Kisha kaboni dioksidi ya hewani hugeuza sehemu iliyoliwa kuwa unga mweupe, na katika kugeuka huko asidi inaachiwa huru, inaanza kula tena. Kwa hiyo kufuta tu hakutoshi, na atakayekushauri uvioshe kwa siki usimsikilize hata kidogo.

Vaa glavu za mpira, weka maji ya sabuni kwenye beseni ambalo halitarudi jikoni, na usugue kwa mswaki wa zamani kisanamu kikiwa ndani ya maji muda wote. Unga ukiwa majini hauruki. Suuza, kausha kabisa kwa jua au kwa mashine ya kukaushia nywele, na rangi ya zamani ikiwa imeshatoka (nitaeleza chini), ukipake praima, ile rangi ya msingi, siku hiyohiyo kabla hewa haijakishika tena. Tishu na glavu zilizotumika zifunge kwenye mfuko wa plastiki. Ukikuta miguu imeliwa hadi ina vishimo, usiikwangue. Tutavijaza kwa pati baadaye. Vikiwa tayari, vihifadhi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Visirudi kwenye kabati la mbao. Jinja iko kando ya ziwa, unyevu haukosekani, na asidi ya mbao ndiyo unayoweza kuizuia.

Sasa tenganisha mali yako kabla hujamwaga dawa yoyote, kwa kuwa kila uamuzi unaofuata unategemea hapo. Chini ya miguu ya visanamu vingi vya chuma kuna ulimi mwembamba unaoingia kwenye kitako cha plastiki. Uchomoe uusome: mara nyingi pana jina la kampuni na mwaka. Ral Partha ya Marekani iliacha risasi mwaka 1993, wakati jimbo la New York lilipotaka kuibana kwa sheria. Citadel ya Uingereza iliifuata takriban mwaka 1997. Kwa hiyo chenye mwaka wa kabla ya hapo kihesabu kuwa ni risasi. Mwaka ulioandikwa unaweza kuwa wa kuchongwa, si wa kumiminwa, ila kukosea upande wa tahadhari hakuna hasara. Kisicho na maandishi, kwaruza ulimi wake kwenye karatasi nyeupe: chenye risasi nyingi huacha mstari wa kijivu na hupinda kwa urahisi, wakati mchanganyiko wa baadaye ni mgumu na unang'aa zaidi.

Vya plastiki ngumu vilivyo vingi ni polistirini, na hapo ndipo dawa ya kucha ilipokusaliti. Ndani yake mna asetoni, na asetoni huyeyusha polistirini. Kile kilicholainika kiache siku kadhaa kigande. Sura iliyoyeyuka hairudi, ila mikono, kofia na mkoba wake vitakufaa kama vipuri.

Kwa chuma, asetoni ni dawa nzuri sana. Fanyia nje, mbali na sigiri na sigara, ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko. Baada ya saa chache rangi inabanduka kwa mswaki. Kwa plastiki tumia Dettol ya kahawia, isiyochanganywa na maji. Viloweke usiku mmoja, lakini kimoja cha majaribio kichungulie baada ya saa mbili tatu uone plastiki inavumilia. Wengi hukosea hapa: wanakitoa kisanamu na kukiweka moja kwa moja chini ya bomba. Dettol iliyojaa rangi ikigusa maji hugeuka utomvu unaonata kwenye kila ufa, na kuutoa ni kazi ya siku nzima. Sugua kwa mswaki uliochovywa kwenye Dettol safi mpaka rangi itoke, suuza kwa Dettol nyingine, kisha ndipo uende kwenye sabuni na maji.

Usiruke hatua hii ukapaka juu ya rangi ya zamani. Watu kama Tom Meier wa Ral Partha na Jes Goodwin wa Citadel walichonga vitu hivi kwa mkono, wakaweka kope, mishono ya ngozi na vifungo vya mkanda kwenye mtu mwenye kimo cha sentimita tatu. Tabaka moja nene linatosha kuvizika vyote. Utakapoiona sura halisi ikitokea chini ya mswaki utaelewa kwa nini wengine tunavipenda vitu hivi kiasi hiki.

Tuje kwa askari wako. Kwanza hakikisha si cha pekee kwenye mfuko. Ukiwa na viwili vinavyofanana, kata kimoja na ukiache kingine kama kilivyozaliwa. Bunduki iliyovunjika usiitoe kwa tupa. Ikate kwa msumeno mwembamba wa sonara, kisanamu kikiwa kimelowa, chembe zikianguka kwenye kitambaa chenye maji. Mabaki ya risasi usiyayeyushe kwenye sigiri ukitaka kumimina kitu kingine. Moshi wake unaingia mwilini bila wewe kuhisi.

Mkuki utautengeneza kwa shaba ya waya wa umeme, ule wenye uzi mmoja mnene ndani. Waya wa milimita mraba 1 una shaba ya unene wa milimita 1.1 hivi, na huo unatosha. Menya ganda. Bana ncha moja kwenye vaisi, shika nyingine kwa koleo, uvute polepole mpaka uhisi waya umerefuka kidogo. Kwa mvuto huo unanyooka kabisa na pia unakuwa mgumu kuliko ulivyokuwa. Halafu weka ncha juu ya chuma bapa uigonge kwa nyundo ndogo, pigo jepesi jepesi, ukigeuza upande, hadi sentimita moja ya mwisho iwe bapa. Sasa chora umbo la jani kwa tupa laini: pana karibu na mpini, nyembamba kuelekea ncha. Kwa mtu wa milimita 28 hivi, mkuki wenye urefu wa sentimita tatu na nusu unasimama kama wa mita mbili. Ukizidi hapo utamfanya askari aonekane mtoto.

Ngao ni rahisi kuliko unavyofikiri. Tafuta kijiko cha kutupa chenye alama PS na namba 6. Hiyo ni polistirini, na tumbo la kijiko tayari lina mpindo wa ngao. Chora umbo, kata kwa mkasi mkali ukiacha nafasi kidogo, malizia kwa msasa wenye maji. Kwa umbo la kwetu tazama ngao iliyo kwenye nembo ya taifa, na ukifika Kampala pita Makumbusho ya Uganda uone zile za kale zilivyotengenezwa. Kazi ya ngao hii wanafunzi wako wanaweza kuifanya bila wasiwasi wowote.

Kuunganisha chuma kwa chuma, gundi peke yake haitoshi. Kisanamu kikianguka mara moja kila kitu kinachomoka. Weka pini. Toboa kidonda kidogo kwa ncha ya kisu ili biti isiteleze, kisha zungusha drili ya mkono yenye biti ya milimita 1 taratibu, ukiitoa mara kwa mara kuifuta, maana risasi ni laini na huziba mifereji ya biti. Kina cha milimita tatu kinatosha. Ili matundu mawili yalingane, tia nukta ya rangi mbichi kwenye tundu la kwanza, ukandamize sehemu ya pili: alama itakuonyesha pa kutoboa. Pini yenyewe ikatwe kwenye klipu ya karatasi. Supa gluu hugandishwa na unyevu, kwa hiyo huko Jinja itashika haraka; tumia tone dogo sana na uache hewa ipite, la sivyo mvuke wake utaacha ukungu mweupe pembeni.

Nyufa za kiungo na ile miguu iliyoliwa zijaze kwa pati ya epoksi ya sehemu mbili. Ile ya mafundi bomba inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, lakini huganda kwa dakika chache, basi changanya kiasi cha punje ya mahindi tu kila mara. Ukipata ile ya wachongaji, ya utepe wa njano na buluu, una zaidi ya saa moja ya kuchonga: njano ikizidi inakuwa laini na ya kunata, buluu ikizidi inatoa kingo kali. Kifaa kipakwe mafuta ya Vaseline au maji, kisinate.

Praima yako ilikauka na chengachenga kwa sababu rangi ilikauka hewani kabla ya kufika kwenye kisanamu. Ulisimama mbali mno, au palikuwa na upepo. Unyevu huleta kosa jingine, ukungu mweupe, na hilo utalikuta zaidi kwenye vanishi. Puliza kivulini, saa nne hadi saa sita mchana, umande ukiwa umekwisha na mvua ya jioni haijajikusanya, kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, mipigo mifupi inayoanza nje ya kisanamu na kuishia nje. Miezi ya Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, mimi naacha kopo na kutumia praima ya brashi. Praima ya magari ya kijivu, ile ya soko la vipuri la Kisekka jijini Kampala, inashika chuma vizuri sana. Kwa plastiki ijaribu kwanza chini ya kitako, kwa kuwa thina ya baadhi yake hula polistirini.

Rangi ziwe za akriliki, zilizopunguzwa kwa maji hadi ziteleze, tabaka mbili tatu badala ya moja. Brashi usiichongoe kwa midomo. Kuna jambo moja ambalo miongozo mingi hulipita, nayo ni ngozi nyeusi. Ukitaka kumpa askari wako ngozi ya watu wetu, usianze na kahawia kisha ukaongeza nyeupe kwa sehemu za mwanga. Inageuka majivu na mtu anaonekana mgonjwa. Anza na kahawia nzito iliyotiwa tone la zambarau kwenye mabonde ya uso, panda kwa kahawia yenye wekundu, na mwanga wa paji, pua na mashavu uutoe kwa kuongeza chungwa au udongo wa njano. Nukta moja ndogo ya mwanga uliopauka kwenye ncha ya pua inatosha. Joho ukilifanya la rangi ya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, kahawia nyekundu yenye mistari hafifu inayofuata mkunjo, litakaa vizuri sana na ngozi hiyo.

Malizia na vanishi isiyong'aa, na hii usiipulize siku ya mawingu. Ikitokea ukungu mweupe, usikimbilie kuosha: siku kavu ipake vanishi ya kung'aa kwa brashi, mara nyingi ukungu unatoweka, kisha rudia isiyong'aa. Kwa klabu, wape wanafunzi vya plastiki na ngao zao. Vya risasi vifanyie kazi mwenyewe, na uwaonyeshe vikiwa vimekwisha vanishi.