Undina si jini: kwa unayeanza kusoma maandishi ya kale ya uchawi wa Ulaya

Ukianza kusoma habari za viumbe wa ardhi, maji, hewa na moto, neno la kwanza kukujia litakuwa "majini". Mimi lilinijia pia. Katika tafsiri yangu ya kwanza, kila palipotajwa undina niliandika "jini wa maji", na wote kwa pamoja nikawaita "roho". Kisha nikafika mahali ikanibidi niandike: "roho hawa hawana roho." Nikaanza upya.

Anayewaeleza vizuri zaidi ni Paracelsus, tabibu aliyefariki Salzburg mwaka 1541. Kitabu chake juu yao kilichapishwa 1566. Kwake hawa si pepo, maana wana nyama, damu na mifupa. Wanakula, wanazaa, wanaugua. Wala si watu, maana hawana roho. Wakifa wamekwisha, kama wanyama. Mwanamke wa kwenye maji akiolewa na binadamu hupata roho, na watoto wake pia. Sasa mfikirie jini tunayemjua sisi: kaumbwa kwa moto, ana hesabu mbele ya Mungu, yupo Mwislamu na yupo kafiri. Ukimwita undina jini, umeshampa kile kile anachokitafuta kwa kuolewa.

Kwa hiyo waachie majina yao: undina wa maji, silfi wa hewa, nomu wa ardhi, salamanda wa moto. Halafu soma polepole maelezo ya makazi yao, maana ndipo penye uzuri. Mwamba kwa nomu ni kama hewa kwetu. Anapita ndani yake bila kuuvunja, jinsi wewe unavyopita mlangoni.

Jambo la pili ni tarehe. Mwandishi mmoja asikusemee mwingine. Mwaka 1670 Montfaucon de Villars alichapisha Paris, bila kutaja jina lake, mazungumzo ya bwana mmoja anayefundisha kwamba silfi wanatamani kuoana na wenye hekima ili wapate kuishi milele. Aliyaandika kwa dhihaka, lakini wapo waliokuja kuyashika kama mafundisho. Mshairi wa Kiingereza Alexander Pope aliwachukua silfi humo, na mwaka 1714 akawapa kazi ya kulinda nywele za msichana katika shairi.

Wafalme wanne utakaokutana nao kila mahali, pamoja na pande za dunia, watafute kwa Éliphas Lévi, Mfaransa aliyeandika juu ya uchawi miaka ya 1850: nomu kaskazini chini ya Gob, silfi mashariki chini ya Paralda, undina magharibi chini ya Nicksa, salamanda kusini chini ya Djin. Ndiyo, hapo neno letu limo, na moto wake. Lakini kwa Paracelsus orodha hiyo utaisaka bure.

Mimi humwekea kila mwandishi karatasi yake yenye maswali yale yale: wanakula? wanakufa? wana roho? Fouqué, aliyeandika hadithi ya Undine mwaka 1811, mwache wa mwisho. Ukishamsoma Paracelsus, utaelewa kwa nini binti yule anabadilika kabisa asubuhi ya siku iliyofuata ndoa yake.