Maswali ya Wasomaji: Miche Yetu ya Mikoko Imekufa

SWALI: Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya mazingira katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga. Mwaka jana, Siku ya Mazingira Duniani, wanafunzi walipanda mbegu 300 za mkoko kwenye tope tupu lililo mbele ya msitu, huku wageni wakipiga picha. Tuliporudi baada ya likizo tulikuta miche isiyozidi 20. Vijana wamevunjika moyo. Je, tupande tena, au tutafute shughuli nyingine?

JIBU: Mwalimu, pole kwa hasara hiyo, ila naomba usiwatoe vijana matopeni mapema, kwa sababu kilichowavunja moyo ndicho hasa walichopaswa kufundishwa. Mbele ya msitu, upande wa baharini, maji yakijaa hukaa muda mrefu zaidi, na mche mchanga unaofunikwa kwa saa nyingi hukosa hewa, hupigwa na mawimbi, na shina lake hugandwa na viumbe wadogo wenye gamba gumu mpaka likainama kwa uzito. Tope tupu huvutia macho kwa kuwa linaonekana kama nafasi iliyosahauliwa; lakini pale ambapo mikoko ya jirani imedondosha mbegu miaka nenda miaka rudi na hakuna hata moja iliyoshika, kuna sababu, na kuitafuta sababu hiyo ndiyo shughuli ninayopendekeza muanze nayo.

Chagueni siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa mbali. Maji yakiwa yamekupwa, wanafunzi wasimamishe fito tano katika mstari mmoja unaoanzia kwenye tope tupu, ukapita ndani ya msitu hadi mpaka wa nchi kavu, kila ufito ukiwa umesuguliwa chaki kwa wingi. Maji yakishajaa na kupwa tena, mahali chaki ilipofutika pataonyesha yalipanda kiasi gani. Kando ya kila ufito waandike ni mti gani uliopo, maana msitu wa mikoko huwa na miti ya aina kadhaa: kwa kawaida watakuta mlilana umetangulia baharini, mkoko wenyewe ukifuata, kisha muia na mkandaa, na mchu ukiwa nyuma kwenye chumvi kali, ingawa mchu hauheshimu sana mipaka na huweza kuonekana hata mbele kabisa. Mwalikeni mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya boriti awafundishe kuitambua miti hiyo kwa gome na jani, kwani ujuzi wake haumo katika vitabu vyenu vya darasani.

Mkishapata mchoro huo, pandeni mahali ambapo mkoko ulikuwepo ukakatwa, wala si mahali ambapo haujawahi kuota. Kwa kuwa misitu ya mikoko Tanzania Bara ni hifadhi, ombeni kwanza ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu katika wilaya yenu. Mbegu ya mkoko huanza kuota ingali mtini. Iliyokomaa huwa na pete ya manjano karibu na kichwa na huachia kwa kuguswa kidogo, ilhali inayohitaji kuvutwa bado ni changa, na yenye matundu ya wadudu haifai. Theluthi moja ya mbegu, upande uliochongoka, ndiyo inayoingia topeni. Nimewahi kushuhudia kundi zima likipanda vichwa vikiwa chini, na hakuna mtu mzima aliyewakosoa, maana wote walikuwa wakitazama kamera.

Safari hii pandeni 100 tu, kwa nafasi ya mita moja, ndani ya kipande cha mita 10 kwa 10 kilichozungushiwa kamba. Hesabuni miche iliyo hai baada ya mwezi 1, miezi 3, 6 na 12, mkipima urefu na kuandika kilichoua kila mmoja: kaa, mbuzi, mchanga au mawimbi. Kwa maoni yangu daftari hilo lina thamani kuliko picha zote za mwaka jana. Huko Gazi, katika kaunti ya Kwale nchini Kenya, mradi wa wanakijiji unaoitwa Mikoko Pamoja hupata fedha kwa kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na msitu, yaani wanunuzi hulipa ili msitu uendelee kuihifadhi, na fedha hizo zimesaidia maji na shule. Huko nako kulinda miti iliyopo ni sehemu kubwa ya kazi. Kuhusu wageni, Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, hupangwa na kalenda ilhali bamvua hupangwa na mwezi, basi waje siku ya kuhesabu.

SWALI: Sisi tuko Dodoma, na ua wa shule yetu umesakafiwa wote. Klabu yetu ya mazingira ifanye nini?

JIBU: Pimeni mvua. Chukueni kopo lenye pande zilizonyooka, libaneni kwa mawe lisipinduliwe na upepo, mbali na kuta na miti, na kila siku saa 3 asubuhi mpime kina cha maji kwa rula, kisha mlimwage. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo paa la darasa lenye mita 20 kwa 8 hupokea lita 1,600 mvua ikinyesha milimita 10. Wanafunzi wakishafanya hesabu hiyo, yafuateni maji hayo kwa miguu siku ya mvua, kuanzia kwenye paa hadi yanapoishia, mkichora ramani ya njia yake.