Kabla hujaibadilishia seva jina

Seva ya kwanza niliyoibadilishia jina niliandika `hostname db1`, nikauliza jina, nikajibiwa db1, nikafunga dirisha. Siku ilipowashwa upya, jina la zamani likarudi. Amri ile hubadilisha jina lililo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) tu, haiandiki chochote kwenye diski.

Kwenye Linux yenye systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo) tumia `sudo hostnamectl set-hostname db1`. Neno sudo huipa amri mamlaka ya msimamizi. Amri hii hubadilisha jina la sasa na kuliandika kwenye `/etc/hostname`, kwa hiyo linabaki hata baada ya kuwasha upya.

Lakini ninakusihi, wewe unayeanza, usianzie hapo. Anzia `/etc/hosts`, faili linaloiambia seva jina lipi ni la anwani ipi. Kwenye Debian na Ubuntu mara nyingi utakuta mstari wa 127.0.1.1, anwani ya seva yenyewe, ukiwa na jina la zamani, na kwa kawaida hostnamectl haiugusi. Ukiuacha hivyo, kila unapotumia sudo unaweza kulakiwa na `unable to resolve host` (imeshindwa kupata anwani ya jina hilo), na wakati mwingine amri inakawia hadi unadhani seva imekwama. Ongeza jina jipya pembeni ya la zamani, ndipo ubadilishe. La zamani utalifuta ukisharidhika. Hakikisha kwa `getent hosts db1`, uone kama jina jipya linapata anwani.

Jina lenyewe liwe la herufi ndogo, tarakimu na kistari (-). Alama ya mstari wa chini (_) usiiweke kabisa.

Kama seva ni ya kukodi mtandaoni, angalia kama ina cloud-init, programu inayoipangia seva mipangilio yake inapowaka, maana inaweza kulirudisha jina la mwanzo inapowaka. Weka `preserve_hostname: true` kwenye `/etc/cloud/cloud.cfg`.

Panapoumiza zaidi ni kwenye programu zilizokwisha kulishika jina la zamani. RabbitMQ, programu ya kupitisha ujumbe kwa foleni, kwa mfano, kwa kawaida huipa nodi yake (yaani ile RabbitMQ inayoendeshwa kwenye seva hiyo) jina kutokana na jina la seva, na folda ya data hufuata jina hilo. Ukibadilisha bila kujiandaa, itaamka na hifadhi tupu, foleni zako zikiwa bado zimelala kwenye folda ya zamani. Ndiyo maana kwanza napitisha `sudo grep -r jina-la-zamani /etc`, inayolitafuta jina hilo kwenye mafaili yote ya `/etc`, na kusoma kila mstari unaotokea, hata kama ni mingi.

Dirisha ulilomo litaendelea kuonyesha jina la zamani, usihangaike. Liache wazi, ingia upya kupitia dirisha jingine, ujaribu sudo humo. Ikikubali, funga lile la kwanza.