Mgeni wa kikundi cha waandishi: aje kufanya nini?

Barua sita za mwezi huu zimetoka Lubumbashi, na zote zinazunguka jambo moja: kikundi cha waandishi kinaalika mgeni, watu wanajaa, picha zinapigwa, kisha kalamu zinabaki palepale. Baadhi tumezifupisha.

Mgeni alifika asubuhi, sisi tulimngojea mchana

*Jambo wandugu. Tuko watu 14, tunakutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi katika darasa moja hapa Katuba. Tumekwisha kualika wageni wawili. Wa kwanza alisema vizuri sana juu ya uandishi, tukapiga makofi, lakini hakuna aliyeandika tofauti na jana yake. Wa pili tulimwandikia "saa 8". Alifika asubuhi, akakuta mlango una kufuli. Tumekosea wapi? (Katibu, Katuba)*

La kufuli ni jepesi. Aliyezoea kusoma saa kwa Kifaransa akiona "saa 8" anaelewa 8h00. Anayehesabu kwa Kiswahili anaelewa saa nane, yaani 14h00. Katika mji huu watu wa namna zote mbili wanakaa benchi moja. Andikeni yote mawili: "14h00, saa nane mchana". Na kama mgeni atazungumza kwa simu kutoka Kinshasa, ongezeni "saa ya Lubumbashi", maana kule wako nyuma yetu saa nzima. Wa Bukavu na Goma saa yao ndiyo yetu.

La mgeni wa kwanza ndilo gumu. Mlimwomba aseme juu ya uandishi, naye akasema juu ya uandishi, hana kosa. Mada pana humsukuma mtu kwenye mawaidha: someni sana, andikeni kila siku, msikate tamaa. Hayo mlikuwa nayo kabla hajafika.

Wiki saba kabla ya mkutano, kila mwanachama achukue kipande cha karatasi, aandike kwa sentensi moja mahali hadithi yake ilipokwama. Asiweke jina. Msipige kura kwa kunyosha mikono, maana mikono hufuata mwenye sauti kubwa. Katibu azitandaze karatasi mezani, zinazofanana azilaze pamoja. Kwa watu 14, fungu moja huweza kufika karatasi tano au sita. Tuseme hilo fungu linalalamika kwamba watu wa hadithi wote wanaongea kwa sauti ya mwandishi. Basi mada mnayo. Isiwe "Namna ya kuandika hadithi", bali "Namna ya kumtambua anayesema kwa maneno yake, bila kuweka 'akasema' kila mstari".

Ndipo mtafute mgeni, na si lazima awe na kitabu. Kwa maongezi, mcheza tiyatri huenda akawafaa kuliko profesa. Mkiwa mmekwama kwenye uchapaji, mwiteni mtu wa mashine: atakunja karatasi moja mara tatu mbele yenu, muone kwa nini kurasa za kitabu huenda kwa 16, na kwa nini muswada wa kurasa 70 unalipiwa 80 na kurasa 10 zinabaki nyeupe. Anayeandika juu ya maisha ya kampu ya wafanyakazi amtafute mzee aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, amwulize posho iligawiwa siku gani, ilipimwa na chombo gani, nani nyumbani alitumwa kuichukua. Walimu wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, nao wana siku yao: swali likiwa la mizani ya shairi au la historia, hapo hawana mpinzani.

Barua iende wiki tano kabla. Kama ni mzee au mwalimu, iwe ya karatasi na ipelekwe kwa mkono. WhatsApp ni ya kukumbusha. Nusu ukurasa unatosha, kwa mfano hivi:

"Mzee wetu, kikundi chetu kina watu 14 wanaoandika hadithi fupi. Tumekwama kwenye maongezi: watu wetu wote wanasema kwa sauti moja. Tunakuomba uje Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, 14h00 (saa nane mchana), utuzungumzie dakika 25 juu ya jambo hilo tu, kisha tusome pamoja maandishi mawili ya wanachama, ambayo tutakuletea siku 10 kabla. Usafiri wa kuja na kurudi ni juu yetu. Kijana wetu atakungojea kwenye kituo cha basi saa nane kasorobo."

Maneno "dakika 25 juu ya jambo hilo tu" ndiyo msumari wa barua yote, na ndiyo wengi huyafuta wakidhani wanamheshimu mkubwa. Yaacheni. Kisha mpigieni simu wiki moja baada ya barua, tena siku tatu kabla, tena asubuhi ya siku yenyewe.

Salamu peke yake zinakula nusu saa

*Mimi ndiye mwongozaji. Tuna saa mbili tu, kisha darasa linachukuliwa na kwaya. Kila mara mgeni anapita muda, maswali yanakuwa hotuba, na maandishi yetu hayasomwi. Nitamkatizaje mzee? (Mwongozaji, Kampemba)*

Gawanyeni dakika 120 hivi: salamu na kumtambulisha mgeni 5, mgeni 25, kila mtu kuandika swali lake kimya 5, majibu 25, kupumzika 10, maandishi mawili kwa dakika 20 kila moja, na 10 za mwisho kwa katibu. Kumtambulisha ni sentensi tatu: jina, kazi, na kwa nini ameitwa leo. Orodha ya vyeti na vyeo ibandikwe mlangoni kama mnaona lazima isomwe.

Mwangalizi wa saa asikae kando ya mgeni. Akae uso kwa uso naye, nyuma ya wengine, na kadi mbili kubwa: moja "5", nyingine "1". Mgeni aonyeshwe kadi hizo kabla hajaanza, zisimshitue. Dakika zikiisha, usiseme kitu: simama tu, daftari mkononi. Mzee hakatizwi neno, lakini mwongozaji aliyesimama anaeleweka na kila mtu, na mzee atafunga mwenyewe.

Maswali yawe ya karatasi, uyasome wewe. Sababu ni mbili. Wa kwanza kunyosha mkono kwa kawaida hana swali, ana maoni marefu. Na vijana na akina mama waliokaa nyuma, ambao mara nyingi ndio wenye swali zuri, hawanyoshi kabisa.

Mgeni alitukosoa Kiswahili chetu

*Mgeni aliongea Kifaransa tupu, nusu yetu tukabaki tunachekacheka. Kisha akachukua hadithi ya mwenzetu, akapiga mstari mwekundu kila penye "batu banakuya" (watu wanakuja), ati si Kiswahili. Ni kweli? (Msomaji, komini ya Kenya)*

Kifaransa kwanza. Kutafsiri sentensi kwa sentensi kunageuza dakika 25 kuwa 50, na mgeni anapoteza uzi. Mwombeni mapema hoja tatu, zisizidi hizo, mziandike ubaoni kwa Kiswahili kabla hajafika. Aseme Kifaransa chake. Akimaliza hoja anyamaze, mwenzenu mmoja aieleze kwa sentensi tatu. Mkalimani awe amekwisha kuongea naye kwa simu, la sivyo maneno ya ufundi yatamkwama kooni mbele ya watu.

Ama Kiswahili cha mji, kimeandikwa tangu zamani. Mwaka 1965 André Yav, kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, alikusanya historia ya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kwa lugha hiyohiyo, ikapigwa kwa mashine. Shida yake haikuwa "ba" wala "wa". Maneno yalikatwa na kuungwa bila kanuni moja, hata mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeyatoa pamoja na tafsiri mwaka 1990, alihitaji msemaji wa lugha amsomee kwa sauti ndipo aelewe. Funzo kwenu ni la tahajia: kubalianeni, muandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kikundi. "Banakuya" neno moja au mawili? "Mutu" au "mtu"? Aliyechagua Kiswahili sanifu kwa msimulizi na Kiswahili cha mji kwa wanaoongea, aendelee hivyo mpaka mwisho. Na juu ya kurasa anazopewa mgeni, wekeni mstari mmoja: "Maongezi ni ya Kiswahili cha Lubumbashi kwa makusudi." Kalamu nyekundu itabaki mfukoni.

Mwenzetu amekataa kurudi

*Mgeni alisoma hadithi ya dada mmoja mpya katika kikundi, akasema mbele ya wote haifai. Sasa dada huyo hapokei hata simu. (Mama msomaji, Ruashi)*

Andishi la mtu mpya halipelekwi kwa mgeni. Kwanza lisomwe ndani ya kikundi mara mbili au tatu, na mwenyewe aseme yuko tayari. Hilo ni kosa la kikundi kabla halijawa la mgeni.

Kwa mara nyingine, kila andishi lisizidi kurasa mbili zenye nafasi kati ya mistari, kama maneno 500. Kwa sauti ya kawaida hizo ni dakika nne mpaka tano. Mistari ipewe namba pembeni: 5, 10, 15. Ni jambo dogo lenye faida kubwa, kwa sababu badala ya "hadithi hii imelegea" mgeni atalazimika kusema "mstari wa 15 mpaka 20 sikujua ni nani analia". Chini ya andishi mwandishi aandike swali moja analotaka lijibiwe. Mgeni ajibu hilo kwanza, mengine yafuate kama muda upo.

Anayesoma kwa sauti asiwe mwandishi. Mwandishi hujua pa kuvuta pumzi na pa kulegeza sauti, kwa hiyo huficha makosa yake bila kukusudia. Mwenzake atajikwaa palepale sentensi inapojikwaa, na mwandishi aweke alama hapo. Baada ya kusoma, wanachama wawili waeleze walichosikia kimetendeka, si kama wamekipenda. Mwandishi anyamaze mpaka zamu yake ya mwisho. Hapa ndipo mikutano mingi huharibika: mwandishi anaanza kueleza alichotaka kusema, dakika 20 zinakwisha kwa kujitetea.

Kwa dada huyo, waende wawili anaowaamini, nyumbani kwake, bila barua ya msamaha yenye sahihi za watu wote. Wamwombe hadithi yenyewe waisome tena.

Bahasha na rekodi

*Tumpe mgeni feza ngapi, maana bahasha zetu zinazua maneno? Na tunaruhusiwa kurekodi? (Mtunza feza, Kamalondo)*

Kiasi mtapatana wenyewe, ila kitajwe siku ya kumwalika, si mlangoni. Usafiri wa kuja na kurudi, kinywaji, fotokopi: hizo tatu zitengwe kabla ya kitu kingine. Fotokopi hesabu yake ni hii: kurasa mbili kwa karatasi moja, mbele na nyuma, watu 14 wanasoma wawiliwawili, nakala 7, ya 8 ya mgeni. Kwa maandishi mawili ni karatasi 16. Mkitoa dola, chagueni noti safi; yenye kupasuka hata pembeni kidogo atarudi nayo mkononi, hakuna wa kuipokea. Bahasha itolewe na mtunza feza pembeni, kabla ya mkutano, mgeni atie sahihi katika kitabu cha feza. Mgeni akija na vitabu vyake, muuzaji awe mwanachama mwenye chenji ya franka. Mwandishi hapaswi kusimama akihesabu makuta huku mtu anamwomba sahihi.

Rekodi: hotuba nayo ni kazi ya aliyeitunga. Haki za watungaji katika nchi yetu zinalindwa na sheria ya tarehe 5 Aprili 1986, na Kongo imo katika Mapatano ya Berne. Ombeni ruhusa tatu tofauti, maana mtu anaweza kukubali moja akakataa mbili: kurekodi kwa ajili ya katibu, kutuma kwenye WhatsApp ya kikundi, kupeleka redioni. Na kurasa za wanachama zikusanywe zote mwishoni, hata ya mgeni.

Mvua

*Kuanzia Novemba hatusikilizani, bati linapiga kelele. (Msomaji, Katuba)*

Mvua kubwa za kwetu hupenda mchana. Kuanzia Novemba mpaka Machi hamishieni mkutano 9h00, saa tatu asubuhi. Pangeni viti kwa nusu duara, mgeni awe na ukuta nyuma yake, mtu wa mwisho asipite hatua tano kutoka kwake. Achaneni na projekta. Umeme ukikatika, ubao na chaki haviulizi. Mvua ikianza katikati ya maneno, msishindane nayo: sogezeni mbele zile dakika tano za kuandika maswali kimya, na zikiisha bado inanyesha, mgeni apite kwa kila meza asome swali la mtu mmojammoja akiwa ameinama.