Kwa mwalimu mgeni wa Elimu ya Biashara Kigoma: anza na ndoo ya dagaa

Kama umepangiwa Kigoma na mkuu wa shule amekukabidhi Elimu ya Biashara, ujue mapema kwamba darasani kwako wamo watoto waliokutangulia kwenye biashara yenyewe. Mtoto wa Katonga ameanika dagaa tangu yuko darasa la tatu. Wa Simbo amebeba dumu la mawese mpaka barabarani. Wa Kibirizi, ambako boti za mwambao zinashusha watu na mizigo kila kukicha, anaifahamu faranga kabla hujamfundisha habari za fedha za kigeni. Ukiwaingilia na hotuba ya "vijana thubutuni, ajira hakuna", watakusikiliza kwa adabu, kengele ikilia wanaendelea na yao. Kuthubutu walishathubutu zamani. Sijaona wengi, hata hivyo, wanaoweza kukwambia wiki iliyopita nyumbani kwao kiliingia nini na kikatoka nini.

Kwa mtaala ulioboreshwa wa 2023 somo hili ni la lazima. Zamani biashara ilikuwa mchepuo wa waliochagua. Kwa hiyo utakuwa na anayetaka udaktari na anayetaka mpira, wote wanakutazama. Usihangaike kuwageuza wawe wafanyabiashara. Wafundishe hesabu ya pesa, hiyo hata daktari ataihitaji.

Somo ninalolitegemea kuliko yote ni la ndoo ya dagaa. Waambie waulize bei halisi nyumbani au mwaloni, pale vyombo vinaposhusha samaki, usiwaletee namba za kitabuni. Hapa nitumie za mfano tu. Tuseme ndoo ya dagaa wabichi ni shilingi 80,000. Wakishaanikwa wakakauka vizuri, kilo nne mbichi zinabaki kama kilo moja, na ndoo yetu tuseme imetoa kilo tano. Zikiuzwa kwa 20,000 kila moja ni laki moja. Uliza faida ni ngapi, darasa zima litajibu kwa sauti moja: elfu ishirini!

Hapo ndipo unapochukua chaki. Aliyebeba ndoo kutoka chomboni kalipwa ngapi? Elfu mbili. Chanja ya kuanikia ni ya kwenu au mmekodi? Elfu tatu. Bodaboda na mfuko, elfu mbili. Kisha uliza swali watakalolipinga: jioni ile mlikula nini? Watacheka. Nusu kilo iliingia chunguni, na nusu kilo kwa bei yetu ni elfu kumi. "Mwalimu, hicho si biashara, ni kitoweo!" Waache wabishane, usiharakishe kuamua. Wakimaliza, toa 17,000 kwenye ile ishirini. Imebaki elfu tatu, na bado hujamlipa mama na watoto wawili walioshinda juani wakigeuza dagaa na kufukuza kuku.

Kwangu, binti mmoja wa viti vya nyuma, ambaye siku nyingi hakuwa akisema kitu, aliuliza: "Na mvua ikinyesha?" Mvua ikiwakuta dagaa kwenye chanja hawajakauka, wanaanza kuoza, na hata wakiokolewa rangi imeharibika na bei imeshuka. Darasa lilinyamaza, maana kila mmoja alikuwa ameshaliona hilo kwao. Kipindi kilichofuata niliacha nilichokuwa nimeandaa tukajadili hatari peke yake: turubai linagharimu kiasi gani, kwa nini wa kwenye chanja wanauzwa zaidi ya wa mchangani, na je, anayenunua ndoo tano kwa mpigo ana akili au anacheza kamari.

Kalenda ya ziwa nayo itumie, ni kitabu cha bure. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo kazi ni usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa inapoteza nguvu na vyombo vinapumzika. Bei inapanda, na aliyekuwa na akiba ya dagaa wakavu anakula vizuri. Mahitaji na ugavi umeshamaliza hapo, bila kuchora hata mstari mmoja ubaoni. Ukitaka jambo zito zaidi, waulize kuhusu 2024, serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Kila nyumba ya mwaloni ina jibu lake: nani alihamia shamba, nani aliuza nyavu, nani alikopa.

Kwenye kukopa kaa muda mrefu. Mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, wanaijua kwa jina, wengine wameshaona sufuria na godoro vikibebwa. Andika ubaoni: umechukua 50,000, unarudisha 65,000 baada ya mwezi. Wakokotoe wenyewe kwamba hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi, kisha wairudishe kwenye ile ndoo yetu iliyobakisha elfu tatu. Usimtaje mzazi wa mtu wala usiulize nani kwao wanadaiwa.

Ukitaka mgeni wa kuzungumza na darasa, usikimbilie ofisa mwenye projekta. Nenda mwaloni, msalimie mama mmoja anayeanika na kuuza, shikamoo yake uitoe kwa utulivu, na umwombe siku za mbalamwezi. Wakati wa giza hana muda na wewe wala na shule yako. Mwambie aje na daftari lake kama analo. Wapo wenye kumbukumbu safi kuliko za maduka ya mjini.

Sasa mradi wa darasa, ambao walimu wengi wageni wanauvamia wiki ya kwanza. Ruhusa ya mkuu wa shule iwe ya maandishi, na usichangishe wanafunzi kimyakimya: ada ilishaondolewa, na suala la michango lina utaratibu wake. Mtaji uwe mdogo kiasi kwamba ukipotea hakuna atakayelia. Watu watakushauri sabuni ya mawese. Ni wazo zuri, lakini kostiki soda inaunguza ngozi na macho, na kama hakuna mwalimu wa kemia wa kusimama hapo mwanzo mpaka mwisho, achana nayo. Maandazi ya mapumziko yanatosha.

Kuna jambo moja sina mzaha nalo: wanafunzi waione pesa. Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule zetu zimelima sana. Lakini muulize mwanafunzi yeyote mahindi ya shamba la shule yaliuzwa kiasi gani, atakutazama tu. Yeye anakumbuka jembe. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja ashike kopo la pesa, mwingine ashike daftari, na wasiwe marafiki wa karibu. Kila Ijumaa wahesabu mbele ya wenzao. Wewe usilikague kopo faraghani, na usiazime hata shilingi mia tano ya nauli.

Kwenye kutoa alama, kundi lililopata hasara ya elfu nne na kuonyesha kila senti ilikokwenda nalipa alama nyingi kuliko kundi lenye faida ya elfu kumi isiyo na maelezo. Watalalamika sana, na huenda mzazi akaja ofisini kuuliza imekuwaje aliyepata hasara amemshinda mwanawe. Mkaribishe kiti, muwekee madaftari yote mawili mezani, umwache asome.