Maswali na majibu: Kutayarisha kinyungu kabla ya jalidi ya Juni

Swali: Shikamoo bwana shamba. Niko Njombe, nina kinyungu (bustani ya bondeni) cha mita 10 kwa 20 kando ya kijito. Julai iliyopita jalidi iliunguza nyanya, maharage na viazi kwa usiku mmoja, kabeji zikasalimika. Matandazo nilikuwa nimeweka mazito, na usiku niliwasha moto wa moshi kama majirani. Nilikosea wapi, na mwaka huu nianze lini kujiandaa?

Jibu: Marahaba. Anza Machi, mvua zikiwa hazijakatika, na kazi ya kwanza ni kuamua zao lipi likae wapi. Usiku wa kipupwe, anga likiwa jeupe na upepo umetulia, ardhi hupoteza joto lake kwenda juu. Hewa inayoigusa hupoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, huteremka na kutuama bondeni. Kinyungu kina unyevu kwa sababu kiko chini, na jalidi inakipiga kwa sababu hiyohiyo.

Basi huko chini weka vinavyostahimili: kabeji, sukuma wiki, karoti, vitunguu maji na saumu. Njegere zina hila yake: majani yanavumilia, maua na maganda machanga hayavumilii. Zipande nusu ya pili ya Juni ili zichanue baridi ikianza kulegea. Nyanya, hoho na maharage zipandishe mteremkoni, hata kama utalazimika kubeba maji kwa ndoo. Ukiwa na ukuta wa matofali unaotazama kaskazini, panda mbele yake. Juni na Julai jua letu hupita upande huo, na ukuta huhifadhi joto la mchana. Angalia pia ua wako. Ua mnene upande wa chini wa bustani huzuia hewa baridi isitoke, kwa hiyo fungua pengo la mita moja au mbili.

Kabeji zisie kitaluni mwishoni mwa Machi, uhamishe miche ikiwa na wiki 4 hadi 5, sentimita 60 kwa 45. Samadi iwe imeoza vizuri, debe moja kwa kila mita 4 za mraba. Mche unatakiwa uwe umeshika mizizi kabla ya Juni, kwa sababu udongo ukishapoa ukuaji unakuwa wa kusuasua. Kwa mazao yasiyostahimili, usiweke mbolea za CAN wala urea baada ya katikati ya Mei: nitrojeni huleta machipukizi laini, na hayo ndiyo huungua kwanza.

Sasa matandazo, ambayo nadhani ndiyo yaliyokuponza. Huhifadhi maji vizuri, lakini pia huzuia joto la jua lisiingie ardhini mchana na lisitoke usiku kuyafikia majani. Mmea uliozungukwa na nyasi kavu hupoa zaidi ya ule ulio kwenye udongo mtupu, wenye unyevu na ulioshikamana. Mwishoni mwa Mei yasogeze pembeni kwenye nyanya na maharage, uyarudishe Septemba. Mwagilia ardhi asubuhi ili unyevu ushike joto la mchana. Usipalilie siku za baridi kali, maana udongo uliotifuliwa umejaa hewa na hauhifadhi joto. Kwenye kabeji, matandazo yaache tu.

Kufunika kunasaidia kama kumefanywa sawasawa. Pinda fito za mianzi ziwe matao yanayopita juu ya mimea kwa sentimita 20 hivi, kisha tandaza shuka kuukuu au viroba vilivyoshonwa pamoja. Kitambaa ni bora kuliko nailoni. Jani likigusa nailoni huungua palepale. Kingo zifike chini na zizibwe kwa udongo, kwani joto linalookoa mmea linatoka ardhini. Kufunga shuka shinani kama kilemba ni kulizuia joto hilo lisiingie. Funika saa kumi na moja jioni, funua saa mbili au tatu asubuhi.

Kipimajoto kining'inize kimo cha majani. Kilicho kimo cha mtu kinaweza kusoma nyuzi 3 wakati chini kumeshaganda.

Moto wa moshi uache. Moshi hauzuii sana joto linalopanda angani, na kipupwe nyasi zimekauka. Cheche moja inatosha kuteketeza shamba la misonobari la mtu. Kunyunyizia majani maji jioni nako hakufai, kwani yakivukiza hulipoza jani zaidi. Wenye mashine za kunyunyizia huendelea mfululizo hadi barafu iyeyuke. Kuzima katikati kunadhuru kuliko kutofanya lolote.

Viazi vikiwa na kimo cha sentimita 10 au pungufu na usiku unaonekana mbaya, vipandishie udongo uvifunike kabisa. Vikubwa vikiungua, usikimbilie kung'oa wala kukata. Subiri wiki moja hadi mbili: mara nyingi huchipua tena kutoka chini ya udongo, ingawa mavuno yatachelewa na kupungua. Nyanya iliyoungua hadi shina likawa jeusi, ing'oe.