Umeme na joto havisafiri pamoja kila mara

Wiki yangu ya kwanza maabara nilipewa kipande cha shaba, urefu sentimita 10, unene sentimita 1 kwa 1, nipime kinavyopitisha umeme. Nikagusisha ncha mbili za multimita, ikasoma omu 0.3. Nikapiga hesabu kwa makini, na jibu likanionyesha kuwa ile shaba ilikuwa duni kuliko chuma cha pua zaidi ya mara 400. Nikaandika hivyo hivyo kwenye ripoti, bila aibu.

Nilichopima ni nyaya za multimita yenyewe. Kipande kile kina ukinzani wa kama omu 0.000017, kitu kisichoonekana kabisa kwa njia ile. Kwa metali unatumia nyaya nne: mbili za nje zinapitisha mkondo, mbili za ndani zinasoma volteji. Mita ya volteji haivuti mkondo wa maana, kwa hiyo ukinzani wa nyaya zake hauharibu kipimo. Hata hivyo, ukipitisha ampia 10 utasoma takriban milivolti 0.17 tu, basi andaa mita nzuri.

Baada ya hapo nikaingia kosa la pili, ambalo naona wengi mnakuja nalo kutoka darasani: kudhani kwamba kinachopitisha umeme vizuri ndicho kinachopitisha joto vizuri, basi. Kwa metali ni kweli, na ina sababu. Elektroni zilizo huru ndizo zinazobeba vyote viwili. Wanafizikia Wiedemann na Franz waliuona uhusiano huo wa umeme na joto mwaka 1853, na leo unaweza kuutumia kukagua kazi yako. Zidisha upitishaji umeme kwa halijoto katika kelvini, kisha kwa 2.44 × 10⁻⁸, upate upitishaji joto. Kwa shaba ya kawaida, kwenye nyuzi 20 za sentigredi, utapata kama wati 425 kwa mita kwa kelvini. Vipimo halisi vinatoa karibu 400. Si mbaya kwa mstari mmoja wa hesabu.

Sasa jaribu chuma cha pua. Hesabu inakupa kama 10, kipimo kinatoa kama 15. Hiyo tofauti usiifute ukidhani umekosea. Joto lina mbebaji mwingine: mtetemo wa atomu zenyewe, unaopokezana kutoka atomu hadi atomu. Ndani ya shaba elektroni zinaufunika. Ndani ya chuma cha pua, ambamo elektroni zinajikwaa kwenye mchanganyiko wa chuma, kromi na nikeli, mchango wake unajitokeza.

Almasi ndiyo inayomaliza ubishi. Haina elektroni huru, kwa umeme ni kihami, lakini joto inalipitisha hadi kama wati 2,000, mara tano ya shaba. Atomu zake ni nyepesi na zimeshikana kwa nguvu, hivyo mtetemo unakwenda mbali kabla ya kutawanyika. Alumini naitraidi, aina ya kauri, nayo ni ya ukoo huo, ndiyo maana huwekwa chini ya vifaa vya elektroniki vinavyochemka: joto lipite, umeme ubaki. Kwa hiyo ukikabidhiwa kitu usichokijua, uliza kwanza ni nani anayebeba.

Kupima joto kutakutesa zaidi kuliko umeme. Kati ya shaba na plastiki inayoivika waya, upitishaji umeme unatofautiana kwa zaidi ya sufuri ishirini (yaani mara 1 inayofuatwa na sufuri zaidi ya ishirini), kwa hiyo mkondo unajua njia yake. Upande wa joto, kutoka hewa tulivu (0.026) hadi almasi tofauti haifiki sufuri tano. Kihami kamili cha joto hakipo. Linavuja pembeni, linavuja kwenye waya wa kipimajoto, linavuja hewani. Funika sampuli, na usubiri usomaji utulie kweli. Mimi hungoja hadi nichoke, kisha nangoja tena.

Halafu andika halijoto kando ya kila namba. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi inayopanda, wakati silikoni safi ikipashwa ukinzani wake hushuka. Na ile ampia 10 niliyokutajia, usiiache ikipita mfululizo: inapasha sampuli na nyaya unapoendelea kusoma. Iwashe, soma, izime.